Waya wa Kumkwepa Mama Mkwe

Kabla ya kwenda Kamukuywa niliandika orodha ya mambo yote yanayoweza kuharibika. Ilijaa kurasa nne. Stima kupotea ilikuwa namba moja. Panya kutafuna waya ilikuwa ukurasa wa tatu. Mwishoni kabisa niliandika "mimi", kisha nikafuta, kwa sababu niliona bosi akiisoma atakubaliana nami.

Nilikuwa nimemaliza chuo miezi saba iliyopita, shahada ya uhandisi wa mawasiliano, na kwa miezi mitano nilikuwa nikifanya kazi kwa bwana mmoja wa Kibomet, hapa Kitale, anayekodisha mitambo ya sauti kwa harusi, matanga na mikutano ya injili. Yeye alianza kazi hiyo enzi za kaseti. Mimi ndiye niliyemshawishi aachane na ule waya wake mnene wa jukwaani, uliokuwa na nyaya ndogo ishirini na nne tumboni na ambao tuliubeba watu wawili kama mgonjwa. Nilimweleza kwamba siku hizi maikrofoni zote zinaingia kwenye kisanduku kimoja pale jukwaani, sauti inageuzwa kuwa namba, na namba hizo zinasafiri kwenye waya mmoja mwembamba wa mtandao mpaka kwa miksa, kile kifaa cha kuchanganyia sauti, na kompyuta ya kurekodi.

"Waya ya cyber?" aliuliza.

"Ndiyo, kama ile ya cyber."

"Kwaya ya watu arobaini ipite kwa waya ya cyber."

"Hata mia, bosi."

"Na ikikwama?"

"Haiwezi kukwama."

Maneno hayo niliyajutia kabla sijafunga mdomo. Hakuna kitu duniani kisichoweza kukwama, na mimi najua hilo kuliko watu wengi. Lakini alikuwa ameshanunua kisanduku, na tangu siku hiyo alikuwa akikitazama, kisha akinitazama mimi, kama mtu aliyeuziwa ng'ombe na kuambiwa kikohozi ni cha baridi tu.

Kazi ya Kamukuywa haikuwa ya kukodishwa. Mwalimu wa kwaya ya kanisa moja huko, mama wa miaka sitini na kitu, ndiye mama mkwe wa bosi. Alikuwa na goita, uvimbe wa shingo ambao ulikuwa umeanza kumbana pumzi, na alikuwa amepangiwa kupasuliwa Jumatano iliyokuwa inakuja. Daktari alimwambia wazi kwamba mishipa ya sauti inapita papo hapo penye uvimbe. Huenda akaamka na sauti yake, huenda akaamka na nyingine. Mke wa bosi alitaka sauti ya mama yake ihifadhiwe kabla ya kisu, tena ihifadhiwe vizuri, si kwa simu iliyoshikwa na mtu anayetikisa mkono. Siku iliyobaki ilikuwa Jumamosi moja tu.

Alinipigia mimi, hakumpigia mumewe.

"Huyo bwana yangu atakubali kila kitu halafu ashindwe kumkaribia mama," alisema. "Nakutegemea wewe."

Nilisikia "nakutegemea wewe" nikaanza kuandika ile orodha yangu usiku huo huo. Ile sehemu ya kushindwa kumkaribia mama niliiruka tu. Wazazi wangu walitoka Mkoa wa Kati wakaja kulima Trans-Nzoia kabla sijazaliwa, na kwetu mama mkwe ni mtu wa kuheshimiwa, lakini unaketi naye meza moja na kula naye. Kwamba kwa Wabukusu, watu wa bosi, mkwe na mama mkwe huepukana, hilo nililijua kwa kusikia. Halikuwa kwenye kurasa zangu nne.

Tulifika saa moja asubuhi. Kanisa ni la matofali, mabati juu, na nyuma yake kuna chumba cha Sunday School, jiko, choo, ghala la mahindi, kisha ua wa miti. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cheupe shingoni. Bosi, mwanamume mwenye sauti ya kunyamazisha harusi nzima, alisimama mbali, kama upande wa pili wa uwanja wa voliboli, akageuza uso kando, akasema kwa sauti ya mtoto, "Mulembe, mama." Mama akaitikia akitazama chini. Basi. Bosi akarudi kwenye pickup kwa haraka, kama ameona askari wa trafiki.

"Hii waya yako," aliniuliza akiwa amejificha nyuma ya mlango wa gari, "inaweza enda mbali?"

"Mpaka mita mia moja."

"Mia! Hii kitu kumbe ni nzuri, bana."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuusifu mtandao. Nilifurahi mno hata sikujiuliza kwa nini mtu anayerekodi kwaya anataka kuwa mbali nayo.

Tuliweka kisanduku madhabahuni. Nilipitisha waya kando ya ukuta, nikautoa dirishani, nikauzungusha mpaka chumba cha Sunday School, mita sabini kwa hesabu yangu, na huko tukaweka miksa na kompyuta. Niliweka kila kitu kifuate saa ya kisanduku, kwa maana katika mtandao wa sauti lazima kifaa kimoja kiongoze na vingine vyote vihesabu pamoja nacho. Kila kimoja kikihesabu kivyake unapata kelele ndogo ndogo kama mtu anayevunja njiti za kiberiti. Nilikagua mara tatu. Nikakagua mara ya nne kwa sababu mara ya tatu nilikuwa nimepiga chafya.

Ugomvi wa kwanza ulikuja na kifaa cha sikioni. Nilikuwa nimepanga mwalimu avae kile kifaa kidogo cha kusikilizia, ili bosi aongee naye kutoka kwa miksa: anza, rudia, simama hapo.

"Mimi?" bosi aliuliza. "Nimwongeleshe mama kwa sikio?"

"Ni kifaa tu, bosi. Wewe utakuwa chumba kingine."

"Hicho kifaa kiko kwa sikio ya nani?"

"Yake."

"Na sauti ni ya nani?"

"Yako."

"Basi," akasema, kana kwamba amenieleza jambo.

Tukakubaliana kwamba atanipigia simu mimi, nami nitamwambia mwalimu kwa mdomo. Mtambo unaoweza kupeleka sauti sitini na nne kwa wakati mmoja, na sisi tunatuma mjumbe. Nilijiambia sitaudhika. Niliudhika.

Majaribio yalikuwa safi. Kwaya iliimba ubeti mmoja, nikakimbia nyuma kusikiliza, na haikuwa na doa. Ilipofika saa nne wakaenda kunywa chai. Nilibaki madhabahuni nikipanga maikrofoni upya, nikisogeza ya soprano sentimita mbili kushoto, kisha mbili kulia. Nje, upande wa Mlima Elgon, mawingu yalikuwa tayari yamekaa. Msimu huo mvua ilikuwa inakuja kila siku kwenye saa nane, na mvua ikigonga mabati hakuna kurekodi chochote isipokuwa mvua.

Walirudi saa tano. Mwalimu akasimama mbele ya maikrofoni yake, akafungua kitambaa cha shingoni, akakikunja, akakiweka kwenye kiti. Wimbo alikuwa ameutunga mwenyewe, wa shukrani ya mavuno. Yeye anaanza peke yake, kwaya inamjibu.

"Nitaimba mara mbili," aliniambia. "Ya tatu ni kama Mungu amependa. Hii shingo ikichoka imechoka."

Aliimba. Sitajaribu kueleza sauti ile. Nitasema tu kwamba kwa dakika sita sikuwaza chochote, na hilo huwa halinitokei. Katika ubeti wa tatu alipanda juu mahali ambapo hata kwaya haikutarajia, mama mmoja wa alto akatabasamu katikati ya neno, na wakaendelea.

Simu ikatetemeka mfukoni. "Iko na tik tik," bosi akasema.

"Tik tik gani?"

"Tik. Tik. Kama popcorn."

"Umegusa kitu?"

"Sijagusa kitu."

Nilimwomba mwalimu dakika tano. Nikapiga magoti mbele ya kisanduku, nikifikiri kwa mpangilio niliofundishwa, ambao kwangu hugeuka haraka kuwa kufikiri bila mpangilio. Labda kompyuta imeamua kuongoza saa yenyewe. Labda ni joto. Labda ni stima ya kanisa, maana jiko linatumia laini hiyo hiyo. Labda kisanduku ni kibovu, na bosi ataniambia si alisema. Nilizima, nikawasha. Nilibadilisha kiwaya kifupi. Taa ya kijani ilikuwa inapepesa kwa namna ambayo niliona si ya kawaida, lakini sikukumbuka ya kawaida ilikuwaje.

"Jaribu sasa," nikasema kwa simu. "Bado hujagusa kitu?"

"Nimekwambia sijagusa, wewe."

Zile dakika tano zilikuwa zimegeuka saa nzima mwalimu alipoimba mara ya pili. Nilimwona akishika ukingo wa kiti katika ubeti wa nne. Alipomaliza alikunywa maji ya moto na kufumba macho. Simu ikatetemeka.

"Hii ni mbaya zaidi. Ingine inakatika kabisa."

Hapo ndipo niliposhindwa kuvumilia. Nilikata simu. Niliinua waya pale unapotoka kwenye kisanduku nikaanza kuufuata kwa mkono, kama mtu anayefuata kamba gizani, huku kwaya nzima ikinitazama. Nikatoka mlangoni, nikazunguka ukuta, nikafika chumba cha Sunday School, nikasukuma mlango.

Miksa haikuwepo. Kompyuta haikuwepo. Bosi hakuwepo. Palikuwa na kiti kimoja cha mgongo mrefu, mto juu yake, na kikombe cha chai kilichobaki nusu.

Mama mmoja wa jikoni alikuwa anakusanya vikombe. "Tulimleta mwalimu apumzike hapa," akanieleza. "Hiyo benchi ya kanisa inamuumiza shingo."

"Na huyo bwana wa mitambo?"

Akacheka mpaka akaweka vikombe chini. "Aliona mama anakuja. Alibeba vitu zake akatokea hiyo dirisha. Mtu mzima, na tumbo lake!"

Waya ulikuwa umetokea dirishani pia. Nikaufuata. Chini ya dirisha ulikuwa umeungwa na waya mwingine kwa kile kiunganishi cha plastiki cha shilingi hamsini. Waya wa pili ukapita nyuma ya jiko, ukapita kando ya choo, ukazunguka ghala la mahindi, ukaingia kwenye majani marefu. Mwisho wa majani palikuwa na pickup yetu, imeegeshwa ikitazama ua wa miti, na ndani yake bosi wangu, miksa mapajani, kompyuta kwenye dashibodi, hedfoni masikioni. Pembeni yake palikuwa na sahani ya kuku ambayo mama mkwe alikuwa amemtumia kupitia watoto wa jikoni. Mifupa ilikuwa imeshapangwa ukingoni.

"Ulisema hujagusa kitu," nilisema.

"Sijagusa. Nimehama tu."

"Umeunga waya!"

"Si ulileta mbili?"

"Sabini na sitini, bosi. Hiyo ni mia moja na thelathini. Nilikuambia mwisho ni mia moja."

"Nilidhani hiyo mia ni kama ile spidi themanini ya barabara. Mtu anapita kidogo."

Nilikaa chini kwenye majani. Nilitaka kumweleza kwamba namba zinachoka njiani, kwamba zikifika zimechelewa kompyuta inaacha pengo, na kila pengo ni tik. Nilitaka pia kulia. Badala yake nilisema, "Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Ati namkimbia mama?" Alitoa hedfoni. Alikuwa ameona haya, na haya yake ilikuwa inatoka kama hasira. "Nyinyi mnaketi na wakwe zenu mnakula, sawa. Mimi nikipatikana na mama kwa chumba moja, nimekaa, yeye ameegemea kiti akiwa mgonjwa, nitaambia watu nini? Kazi? Si hata angeshindwa kupumzika."

Niliudhika zaidi kwa sababu hakuwa amekosea kabisa. Mimi ndiye niliyechora ramani. Nilikuwa nimefikiria panya, na sikufikiria kwamba mgonjwa atahitaji kiti chenye mgongo.

Saa ilikuwa saba kasoro. Upepo ulikuwa umeanza kugeuza majani ya mahindi.

"Nipe kompyuta," nikasema. "Nitaiunga pale pale madhabahuni kwa waya wa mita tatu. Hatuhitaji miksa kurekodi. Utachanganya baadaye."

"Nani ataendesha?"

"Wewe huwezi kuja?"

Akachomoa kompyuta, akanikabidhi.

Basi niliendesha mimi, ambaye sikuwahi kuachiwa kuendesha rekodi hata moja. Niliketi kwenye ngazi ya madhabahu, hatua nne kutoka kwa mwalimu, kompyuta magotini. Nilimweleza kwamba zile mara mbili zina kasoro na kosa ni la mitambo, si lake. Sikumtaja mkwe wake.

"Amehamia wapi?"

"Nani, mwalimu?"

"Usinichezee, msichana wangu. Mkwe."

"Nyuma ya ghala."

Kwaya ilicheka, na yeye akacheka, kicheko kikamkaba akakohoa, na mimi nikahesabu kila kikohozi kama kilikuwa kinatoka kwenye akiba yangu mwenyewe. "Ni mtu wa adabu," akasema akijifuta midomo. "Hata kama ameniharibia wimbo. Haya, weka hicho kitu chako."

Mara ya tatu hapakuwa na tik hata moja. Nilitazama mistari ya kijani ikipanda na kushuka mpaka mwisho. Lakini nilisikia. Kila mtu alisikia. Ubeti wa tatu hakupanda. Alipitia chini, pale kwaya ilipokuwa imemsubiri juu, na wa nne aliuimba nusu akauachia waimbaji wa alto. Tone la kwanza la mvua liligonga bati kabla mwangwi haujaisha. Baada ya dakika moja hatukusikilizana tena kanisani.

Tulikaa ndani mvua ikipiga. Mwalimu akaomba kusikia. Nilimvalisha hedfoni, nikamchezea ya tatu, ile safi, nikimtazama usoni na kujitayarishia maelezo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Cheza ya kwanza," akasema kwa nguvu juu ya kelele za mabati.

"Ya kwanza ina makosa, mwalimu."

"Nimesema cheza."

Nilicheza. Alisikiliza na zile tik zote, akiwa amefumba macho, kidole kikigonga paja. Alipotoa hedfoni alinirudishia kwa mikono miwili.

"Hiyo," akasema.

"Lakini hii nyingine haina—"

"Hiyo nyingine ni mgonjwa anaimba. Huyu wa kwanza ndiye mimi. Wajukuu wangu wasikie huyo. Hayo mengine, wewe si umesoma? Yatoe."

Kuyatoa! Kuna programu zinazodai kutoa tik zenyewe. Nilijaribu mbili, zilitoa tik na kutoa pia ncha za maneno, kila "t" na kila "k" ya Lubukusu ikawa imelainishwa kama ya mtu asiye na meno. Kwa hiyo nilianza kwa mkono. Unakuza mchoro wa sauti kwenye skrini mpaka sekunde moja ijaze kioo, unatafuta palipokatika, penye kijistari kilichosimama kama sindano, unachora upya mstari uliokuwepo, unasikiliza, unarudia. Maikrofoni zilikuwa nane. Kila tik ilikuwa kwenye zote nane. Nilifanya hivyo Jumapili, Jumatatu na Jumanne, kwenye chumba cha nyuma cha duka letu Kibomet, bosi akipita mlangoni kila baada ya saa moja kuuliza kama nimemaliza, mpaka nikamwomba asiulize tena.

Jumatano alipasuliwa. Ujumbe ulikuja jioni kwamba ametoka salama. Hakuna aliyetaja sauti, na mimi nilisoma ujumbe huo mara nyingi nikitafuta kama kutotaja ni habari njema au mbaya.

Baada ya siku tisa, nikiwa bado natoa tik, simu ililia, namba ya mke wa bosi. Nilipokea nikijiandaa kuomba radhi kwa kuchelewa. Aliyeongea hakuwa yeye. Ilikuwa sauti ya chini, kavu, yenye hewa nyingi ndani, kama mtu anayeongea akiwa ameweka kifua juu ya meza.

"Samahani," nikasema, "unamtafuta nani?"

"Nakutafuta wewe, msichana wangu."

Ni lile "msichana wangu" nililolijua. Sauti sikuijua. Nilitafuta la kusema na kila nililolipata lilikuwa baya: pole lilikuwa kama matanga, hongera lilikuwa kama dhihaka.

"Usininyamazie," akasema. "Napumua. Nalala chali, miaka miwili sijalala chali. Hii sauti wanasema inaweza rudi kidogo, inaweza kaa hivi. Umefika wapi?"

"Ubeti wa tatu, mwalimu. Nachelewa kwa sababu—"

"Sikiza. Hapo kwa ubeti wa tatu kuna mahali nilipanda." Akavuta pumzi, nikaisikia ikipita. "Sikuwa nimepanga. Ukikuta, usiguse. Hiyo si makosa ya waya yenu."

Nilimwambia nimeelewa. Alipokata simu niligeukia skrini. Niliiona ile noti pale pale, kilele kirefu kuliko vingine vyote, na hapo hapo sindano mbili za tik, moja pembeni na moja ikiwa imelala mgongoni mwa noti kabisa, hivi kwamba huwezi kusema tik inaanzia wapi na sauti inaishia wapi. Ile ya pembeni niliitoa. Ile ya mgongoni niliisikiliza mpaka masikio yakawasha, nikaikuza, nikashika kalamu ya programu, nikaiweka chini.

Niliiacha ilivyo na kuhamia ubeti wa nne.